Sura ya Tisa: Maji ya Wasio na Bati

Sajenti Sadallah alishuka ngazi hadi sakafuni mwa tangi, tochi ikiwa mdomoni. Juu, kwenye mlango mdogo wa chuma, Konstebo Pendo alishikilia ngazi isiteleze.

"Kuna nini huko, afande?"

Sadallah aliitoa tochi mdomoni. "Pakavu. Ndani ya ghala kuna unyevu zaidi kuliko humu."

Tangi hilo lilikuwa la kijiji cha Mnalimba, upande wa Newala. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto, na ukichimba kwa jembe hufiki popote. Maji ya huko ni ya mvua, na mvua huvunwa kwa bati. Mwenye nyumba ya bati hujenga kisima cha saruji uani, hukijaza masika, na kiangazi huwauzia majirani walioezeka kwa nyasi. Kwa hiyo masikini hununua maji yaliyomnyeshea yeye pia. Madiwani waliliona hilo, wakatenga fedha za halmashauri zinazotokana na ushuru wa korosho, wakajenga tangi kubwa nyuma ya ghala la kijiji, likinge maji ya paa la ghala. Maji yake yalikuwa ya kaya zisizo na bati tu: wazee, wajane, watu wenye ulemavu. Walichota bila kulipa. Mshika ufunguo alichaguliwa kwa kura mkutanoni. Ni mjane mmoja aitwaye Yuliana, ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Alfredi.

Masika yalipoisha tangi lilikuwa limejaa hadi shingoni, na maji yake yalitakiwa kufika mvua za Desemba. Sasa ilikuwa Septemba. Wiki iliyopita ndoo ya Mama Alfredi iligonga sakafu. Kufuli lilikuwa zima. Watu wakasema ameyauza, na tangu jana alikuwa mahabusu Newala. Kesho asubuhi angepandishwa kizimbani.

Sadallah aliletwa kutoka Masasi kwa sababu askari wa kituo cha karibu wana ndugu Mnalimba. Asubuhi hiyo mkuu wa upelelezi alimpigia simu, hakuzungusha maneno. "Kama jioni huna kitu kipya, jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka kama lilivyo."

Alimulika sakafu kutoka pembe hadi pembe. Tope laini la masika lilikuwa limelala likielekea upande mmoja, kama nywele zilizochanwa.

"Pendo, ukichota kwa ndoo na kamba, unaweza kukomba maji yote?"

"Huwezi, afande. Ndoo ikifika chini inalala ubavu. Kinabaki kina cha kiganja."

"Humu hakijabaki hata cha kucha."

Alifuata mwelekeo wa tope hadi pembeni. Hapo, usawa wa sakafu, palikuwa na mdomo wa bomba uliofunikwa kwa wavu. Aliugusa wavu kwa kidole. Ulikuwa safi, hauna hata jani. Alipanda ngazi haraka, shati limechafuka mgongoni.

Mtendaji wa kijiji, Jafari, alikuwa akiwasubiri kivulini, akigeuza simu mkononi. Alikuwa kijana mrefu mwenye haraka ya kutaka jambo liishe.

"Afande, nisikufundishe kazi," alisema. "Lakini nyumba ya Mama Alfredi ilikuwa ya nyasi hadi Julai. Leo ina bati. Mjane, mwaka wenyewe huu, kabla korosho hazijauzwa. Nenda ukaone mwenyewe."

"Twende wote."

"Mimi pia?"

"Wewe ndiye unayeijua njia."

Nyumba ilikuwa ndogo, kuta za udongo, na kweli ilikuwa na bati. Wanawake wawili waliokuwa wakipita na madumu matupu walisimama kutazama. Mmoja alisema, bila kupunguza sauti, "Wanapima paa lililonunuliwa kwa maji yetu ya kunywa." Mwenzake akacheka.

Sadallah hakupima. Aliomba kiti, akapanda, akapitisha kiganja juu ya bati. Kisha akapitisha tena, taratibu.

"Pendo, hesabu mashimo ya misumari kwenye bati hili moja."

"Ni mengi, afande. Mengine yamezibwa na lami."

"Bati la dukani lina mashimo ya lami?"

Sadallah alishuka, akapiga simu kwa mtu ambaye jina lake Mama Alfredi alilitaja jana katika maelezo yake polisi na hakuna aliyemsikiliza: kaka yake, Anselmo, wa Lukuledi. Aliweka sauti ya wazi ili wote wasikie.

"Ndiyo, ni mimi niliyempelekea," alisema Anselmo. "Lilikuwa jiko la zamani hapa jirani, wakalivunja. Niliomba yale mabati, wakanipa. Dada yangu amefanya nini?"

"Bado sijajua kama amefanya kitu," Sadallah alisema. "Ukipiga magoti leo kusali, mkumbuke."

Alikata simu akamgeukia Jafari. "Tangi lina funguo mbili. Wa pili unao wewe."

"Ninao, ndiyo."

"Uko wapi?"

Jafari aliutoa mfukoni haraka mno, kama mtu aliyekuwa ameushika tangu asubuhi. Walirudi ghalani kwa mwendo wa kasi. Pendo aliuingiza ufunguo kwenye kufuli, akauzungusha. Haukuzunguka. Akajaribu tena kwa nguvu.

"Utavunjika," Sadallah alimwambia. "Mtendaji, ufunguo huu ulishawahi kufungua?"

Jafari alitazama viatu vyake. "Mwanzoni sikuujaribu. Siku ya kukabidhiwa nilisaini kwamba nimepokea funguo mbili zinazofanya kazi. Nilipogundua kwamba haufungui, nikaona aibu kusema."

"Umegundua lini?"

"Alipokamatwa. Nilikuja mwenyewe kujaribu."

"Na ukanyamaza."

"Nilikosea, afande."

Pendo alimvuta Sadallah pembeni. "Hii inamkandamiza zaidi. Kama wa Mtendaji haufungui, basi mlango huu umefunguliwa na mtu mmoja tu."

"Mlango, ndiyo," alisema Sadallah. Alikuwa ameshaanza kulizunguka tangi kwa nje, akipiga ukuta kwa jiwe dogo. Hakuweza kutulia. Alipiga, akasikiliza, akaenda mbele, akapiga tena. "Mwite fundi aliyejenga."

Fundi alikuwa Basil, mzaliwa wa Mnalimba, mtu mnene mwenye tabasamu na kofia iliyojaa vumbi la saruji. Alikuja kwa miguu, akasalimia vizuri, akauliza hata hali ya safari ya kutoka Masasi.

"Lile bomba la chini ni la kazi gani?" Sadallah alimuuliza.

"La kusafishia. Tangi likioshwa, maji machafu yatokee hapo. Mhandisi aliniambia niliweke, kisha nilizibe hadi siku ya kuosha. Njoo uone."

Aliwapeleka hadi kwenye uzio, akafukua mchanga kwa mguu. Mwisho wa bomba ulikuwa umefunikwa kwa zege. Sadallah alipiga kwa jiwe, zege likalia kavu. Hapakuwa na ufa wala alama ya maji.

"Umeridhika, afande?"

"Zege lako zuri."

"Mimi sijengi cha kubahatisha." Basil alijifuta mikono. "Mama Alfredi ni mtu wetu, inaniuma. Lakini shida humbadilisha mtu. Kama hamnihitaji, nina kazi Newala."

Waliachana naye. Adhana ya adhuhuri ilisikika kutoka msikiti wa bati kando ya barabara. Uani kwa msikiti birika zilikuwa zimepangwa ukutani, zote tupu. Kwa kukosa maji ya udhu, Sadallah alipiga viganja juu ya mchanga safi, akapaka uso na mikono, akaingia kuswali. Alipotoka Pendo alikuwa amesimama njiani, mkono tumboni.

"Afande, mimi sijala tangu Masasi. Ukinifukuza kazi, nifukuze nikiwa nimeshiba."

Kwa Siti, mama ntilie, palikuwa na benchi moja na sufuria tatu. Siti alipakua wali na maharage, akaongeza mboga ya majani pembeni. Sadallah alikula akiwa amesimama.

"Huyu afande wako anakula kama anafukuzwa," Siti alimwambia Pendo.

"Nafukuzwa," Sadallah alisema.

"Na nani?"

"Na kesho."

"Basi kaa, kesho haiji ukisimama." Siti alimsogezea kikombe kidogo cha maji. "Hicho ndicho cha leo. Nisamehe. Tangi limekufa, na wenye visima wameshajua. Ukiwauliza bei wanatazama mbingu kwanza."

Sadallah alikuwa ameacha kutafuna. Aliitazama mboga kwenye kijiko.

"Siti, huu ni mchicha?"

"Ulidhani nini, kisamvu? Umeanza kuzeeka?"

"Umetoka wapi?"

"Haya sasa. Mama wa watu mmeshamfunga kwa maji, mimi mnanifunga kwa mchicha."

"Nakuuliza tu. Ulionao mbichi uko wapi?"

Siti alitoa fungu kutoka chini ya kitambaa. Sadallah aliligeuza. Kiangazi mchicha unaofika uwandani hupandishwa na bodaboda kutoka mabondeni, na hufika umelala, mizizi ina tope jeusi lililogandamana. Huu ulikuwa umesimama. Alipoukung'uta, mchanga mwekundu mkavu ulimwagikia benchini, mchanga ule ule uliokuwa viatuni mwake.

"Huu umeota hapa juu," alisema.

"Ni wa Mama Basil, yule bibi wa pale chini, nyuma ya ghala. Ana mkono mzuri huyo mzee. Nampa maandazi, ananipa mchicha. Ni kosa?"

"Si kosa." Sadallah aliweka sahani chini. "Pendo, twende."

"Sijamaliza."

"Kula njiani."

Ardhi nyuma ya ghala iliteremka kidogo, na mwisho wa mteremko, katikati ya mikorosho, palikuwa na nyumba ya nyasi na jiko la makuti. Bibi mwembamba aliyevaa rozari shingoni alikuwa akipepeta mahindi. Alipowaona aliinuka.

"Shikamoo, mama," Sadallah alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Kaeni, jua ni kali."

Kabla hawajaketi alishaingia jikoni, akarudi na bakuli la maji, akampa Sadallah kwa mikono miwili. Sadallah alilipokea kwa heshima ile ile. Hakunywa. Bibi aliliona hilo.

"Ni safi, baba. Usiogope. Ni ya mvua."

Sadallah alitazama paa la nyasi, kisha uwanja mzima. Hakukuwa na kisima wala mfereji wa bati.

"Mvua ya mahali gani, mama?"

"Ya kwenye bomba la serikali." Uso wake ulichangamka. "Mwanangu Basil ndiye aliyeniwekea. Alisema halmashauri imetukumbuka sisi wazee tusioweza kupanda hadi ghalani kwenye foleni. Nimewaombea sana hao madiwani. Kila siku nawataja."

"Unaweza kunionyesha?"

Aliwapeleka nyuma ya jiko. Chini ya kipande cha bati kulikuwa na shimo fupi, na ndani yake bomba lenye koki. Kwenye kiungo palikuwa pakidondoka tone moja moja, polepole, matone ya mwisho yaliyosalia ndani ya bomba. Chini yake palikuwa na sufuria kuukuu. Hatua chache nyuma, nyuma ya ua wa mabua, kulikuwa na kitalu cha mchicha, kijani kibichi, katikati ya mchanga uliokauka.

Pendo alichuchumaa, akafuata bomba kwa macho hadi lilipoingia ardhini. Lilielekea juu, ghalani.

"Ametoa tawi njiani," alisema kwa sauti ya chini. "Lile zege lilikuwa mwisho wa kweli, afande. Lakini bomba lilishagawanyika kabla ya kufika pale."

Sadallah aliitikia kwa kichwa. "Mama, na hii sufuria?"

Bibi alicheka kidogo kwa haya. "Ah, hiyo. Basil ananigombeza. Anasema mama, liache lidondoke, sitaki bustani hapa. Nitaliachaje? Nimepanda mlima na mtungi kichwani tangu sijavunja ungo. Siwezi kutazama tone linaanguka mchangani, hata nikitaka. Alikuja akaukuta mchicha, akaung'oa wote. Nikapanda tena huku nyuma, ambako hapiti."

"Yeye huja kufanya nini?"

"Huja na ile pikipiki yake ya magurudumu matatu, yenye tenki. Anajaza, anawapelekea wazee wa vijiji vingine. Wiki hizi maji yamekuwa hayatoki vizuri." Alisita. "Niwaulize na mimi. Mama Alfredi anaumwa? Tuko jumuiya moja. Jumapili zote hunipitia twende kusali. Jumapili iliyopita alipita na uso umemshuka. Na tangu jana nasikia watu wanamtaja, nikiuliza wananikwepa."

Pendo alitazama chini. Sadallah alikuwa bado ameshika bakuli.

"Yuko mahabusu, mama. Newala. Kesho anapelekwa mahakamani."

"Mama Alfredi? Kwa kosa gani?"

"Wanasema aliyauza maji ya tangi."

Bibi alitazama koki. Halafu akatazama juu, ghalani, akarudisha macho kwenye koki, na midomo yake ikasogea kana kwamba anahesabu kitu. Alichukua bakuli kutoka mikononi mwa Sadallah, akalifunika kwa kawa, akaliweka mahali pa juu ambapo hakuna mtu angeyanywa maji yake.

Mlio wa pikipiki ya mizigo ulisikika kwenye mikorosho. Basil aliingia uani, tenki tupu likigongagonga nyuma yake. Alipoona askari alizima injini. Tabasamu lilikuja, lakini lilichelewa.

"Afande. Mlipotea njia?"

"Ulisema una kazi Newala," alisema Sadallah.

"Nilipitia kumsalimu mama."

"Basil," bibi alisema. "Nani walikunywa maji uliyobeba?"

"Mama, ingia ndani. Haya ni mazungumzo ya wanaume."

"Huyu binti pia ni askari, na haingii ndani. Nimekuuliza mbele ya watu. Wazee wa kijiji gani?"

Basil alivua kofia, akaivaa tena. Alimtazama Sadallah, akamtazama Pendo aliyekuwa ameshasogea hadi kati yake na pikipiki.

"Mashamba makubwa," alisema hatimaye. "Wale wanaopuliza mikorosho dawa ya kuchanganywa na maji. Walikuwa wamekwama, mashine zimewekwa chini, mikorosho imechanua. Walikuwa tayari kutoa chochote. Nilisema nitachukua kidogo."

"Ukachukua yote," Sadallah alisema.

"Kila nikichukua nilisema tenki hili ni la mwisho."

"Na mama wa watu alipokamatwa?"

"Nilijua watamwachia. Hakuna ushahidi. Nilijua watamshikilia, kisha watamwachia."

"Na mabati yake nani alianza kuyazungumza?"

Basil alinyoosha mikono mbele. Pendo alimfunga pingu bila kumsukuma. Bibi alikuwa amesimama mkono mmoja ukiwa kwenye rozari.

"Mwanangu," alimwambia Sadallah, "mimi sitasema neno la kumtakia mabaya mtoto wangu. Nitasema maji yalipotokea tu. Inatosha?"

"Inatosha, mama. Unaweza kuyasema hapa hapa, tukaandika."

"Hapana. Nitakwenda nanyi." Alikuwa ameshaanza kufunga mlango wa jiko. "Nina mtu wa kumwona huko."

Njiani Sadallah alimpigia mkuu wa upelelezi. Ilibidi aeleze mara mbili, mara ya pili kwa sauti kubwa kwa sababu ya upepo wa ukingoni mwa uwanda. Mkuu akasema, "Mtoe huyo mama. Jalada tutalifungua upya." Basil, aliyekuwa amekaa nyuma, alitazama dirishani hadi walipofika. Mama yake alikaa kiti cha mbele, akisali kwa midomo tu.

Kituoni Newala Sadallah hakungoja chai wala kiti. Alisaini, akasimama kwenye korido, akatembea hadi mwisho, akarudi, hadi mlango wa mahabusu ulipofunguliwa.

Yuliana, yaani Mama Alfredi, alitoka pekupeku, viatu mkononi, khanga imejikunja begani. Alikuwa mfupi kuliko Sadallah alivyomdhania. Askari wa zamu alimweleza kwa maneno machache kwamba yuko huru, na kwa nini, na jina la aliyefanya. Yuliana alisikiliza hadi mwisho. Kisha akainua macho, akamwona bibi aliyesimama ukutani na rozari yake.

Pendo aliacha kuandika. Mama Basil alianza kupiga magoti kwenye saruji. Yuliana aliviacha viatu vianguke, akamwahi, akamshika viwiko, akamwinua. Halafu, mbele ya watu wote, alikunja magoti yake yeye kidogo, kama mdogo anavyofanya kwa mkubwa.

"Shikamoo, mama."

Bibi alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yameshuka hadi kidevuni. Yuliana hakusogea na hakurudia. Alimshika viwiko tu, kichwa kimeinama, akisubiri, na ilionekana kwamba angesubiri hapo hadi jua lizame, ilimradi aitikiwe.

"Marahaba," alisema Mama Basil. "Marahaba, mwanangu."